Gereji Ikiharibu Gari Lako, Usilirudishe Huko Kabla Fundi Mwingine Hajaliona

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Kisumu aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu gari lake. Alilipeleka gereji kubadilishiwa padi za breki, likalala huko, na alipokwenda kulichukua akakuta mlango wa kushoto umebonyea na taa ya nyuma imepasuka. Mwenye gereji anashikilia kwamba gari lilifika likiwa hivyo, lakini yuko tayari kunyoosha bati bila malipo kwa ajili ya ujirani mwema. Mwalimu ananiuliza kama akubali. Ujumbe wake ulinikuta nimetoka kupokea sehemu ya mwisho ya pesa nilizokuwa nikiidai gereji moja hapa Nakuru, kwa hivyo nitamjibu hapa, kwa ruhusa yake, nikianza na yaliyonipata.

Mimi hushona na kuuza sare za shule. Wengi wenu mnaonisoma mnafanya biashara kama mimi, mnataka kuongeza gari la pili na kuhama kutoka chumba cha kukodi hadi jengo lenu wenyewe, kwa hivyo sina haja ya kuwaeleza kwamba gari la kubebea mzigo si anasa. Langu ni Toyota Fielder, na muhula unapokaribia hupeleka sare Molo, Londiani na Kericho. Muda wa huduma ulipofika nililipeleka kwenye gereji niliyoizoea, nikaomba wabadilishe oili ya injini na ya giaboksi. Nililipa kwa M-Pesa, nikaandikiwa risiti kwa mkono, nikaondoka.

Giaboksi ya Fielder za miaka ya karibuni ni ya aina inayoitwa CVT. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na nguvu ya injini hupita hapo kwa msuguano wa chuma na chuma. Oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike bila kuteleza. Oili ya kawaida ya otomatiki, ambayo mafundi wote huiita ATF, ilitengenezwa kwa giaboksi za aina nyingine, na ikitiwa kwenye CVT mkanda huteleza, ukiteleza hukwaruza puli, na chembe za chuma zikishaanza kuzunguka ndani ya oili uharibifu huendelea hata ukiwa unaendesha polepole. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuletwa hapa, na kitabu chake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Ndiyo maana tunamlipa fundi: tunamlipa ajue ni oili gani inayofaa.

Kwanza nilisikia sauti nyembamba kama mluzi. Kisha nikiwa nimejaza mzigo, nikipanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, injini ikaanza kunguruma huku gari likizidi kupunguza mwendo, na nyuma yangu kulikuwa na malori ambayo hayawezi kusimama ghafla. Mtu yeyote anayeifahamu barabara ile anajua ni watu wangapi wamepoteza maisha hapo. Nilifaulu kulitoa gari kando ya barabara, nikaketi humo nikitetemeka, na siwezi kusema kwamba hofu ile imeniisha.

Nilipompigia simu mwenye gereji, hakukana lolote. Aliniambia kwa upole, "Mama, lilete tuliangalie, hatutakutoza." Ningelipeleka, kwa kuwa maneno yalikuwa mazuri na mfuko ulikuwa mtupu. Aliyenizuia ni shemeji yangu, dereva wa trela ambaye amezeeka kwenye barabara hiyo. Alinieleza jambo ambalo sasa namweleza kila anayeniuliza: gari lililoharibiwa ndilo ushahidi wenyewe, na ukilirudisha kwa aliyeliharibu umemkabidhi ushahidi wako auoshe. Wangemwaga ile oili na kutia nyingine, na baada ya hapo hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuthibitisha kilichokuwa ndani.

Kwa hivyo nililipia gari la kukokota, Fielder ikapelekwa kwa fundi mwingine asiyefahamiana na wa kwanza. Alifungua giaboksi mbele yangu huku nikirekodi kwa simu, akakinga oili kwenye chupa safi, tukaifunga na kuiandika tarehe na nambari ya gari. Alisoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, akaandika ripoti yenye muhuri wake iliyoeleza alichokiona, chanzo chake na gharama ya kutengeneza. Ripoti kama hiyo si lazima itoke kwa fundi wa mtaani. AA Kenya, chama cha wenye magari, pia hukagua magari. Lakini iliyowashinda wapinzani wangu ni karatasi ndogo zaidi, yaani ile risiti yao wenyewe, iliyoandikwa "ATF lita 4". Waliandika maneno hayo kabla ya kujua kwamba yangekuwa na maana.

Nilipokwenda kumwonyesha mwenye gereji ripoti, upole ulikuwa umekwisha. Aliniuliza mbele ya vijana wake tangu lini mwanamke akajua mambo ya oili, nao wakacheka. Mpaka leo nikipita karibu na pale moyo hunipiga, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu najua kuna akina mama wengi wanaolipa bei ya ziada na kunyamaza kwa kuogopa kicheko kama kile. Kisha akanionyesha bango ukutani lililosema kwamba magari huachwa hapo kwa hatari ya mwenyewe. Bango la namna hiyo limewanyamazisha Wakenya wengi bila sababu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hizo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari, inayogusa makadirio ya gharama, idhini ya mwenye gari na kurudishiwa vipuri vya zamani, na haki zake hazifutwi kwa rangi iliyopakwa ukutani.

Nilimwandikia barua ya madai nikampa siku 14. Alikaa kimya. Nikafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambayo sheria yake inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Sikuwa na wakili, na huhitaji kuwa naye. Nilidai giaboksi iliyotumika pamoja na kazi ya kuifunga, ada ya kukokota, ripoti ya fundi na biashara niliyopoteza nilipokuwa sina gari. Nililipwa shilingi 118,000. Sehemu ya biashara iliyopotea ilikataliwa, kwa sababu mahakama zetu hutaka hasara ya aina hiyo itajwe kwa kiasi kamili na kuthibitishwa kwa nyaraka, na shule zilizoahirisha oda zao hazikuwa tayari kuniandikia barua. Hilo bado linaniuma. Hata hivyo nilitoka mahakamani nimeinua kichwa, nikiwa na hukumu mkononi, nikakubali alipe kwa awamu, kwa kuwa kumfuata mdaiwa kwa madalali wa mahakama ni safari nyingine yenye gharama zake.

Sasa, mwalimu wangu, tuje kwako. Usikubali kunyooshewa bati, angalau si sasa. Bati likishanyooshwa na rangi kupakwa, hakutakuwa na mbonyeo wa kuonyesha mtu yeyote, na ikiwa rangi itachubuka baada ya mvua chache utaambiwa ulifanyiwa hisani. Piga picha za mlango na taa leo hii, kwa mbali na kwa karibu, pamoja na nambari ya gari na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Umeniambia kwamba kilomita ziliongezeka usiku ule. Ikiwa unayo risiti ya huduma ya awali au picha yoyote inayoonyesha kilomita za kabla, itunze, maana gari lililokuja kubadilishiwa padi za breki halina sababu ya kuzunguka mjini usiku.

Kazi yako kubwa ni kuthibitisha kwamba gari lilifika likiwa zima. Ukishafanya hivyo mzigo humwendea yeye, kwa sababu anayekabidhiwa mali ya mtu ndiye anayepaswa kueleza jinsi ilivyoharibikia mikononi mwake na kuonyesha kwamba aliitunza ipasavyo. Tafuta picha za karibuni katika simu yako na za jamaa zako, hata zile ambazo gari limeonekana kwa nyuma tu ya watu waliosimama. Omba kituo cha mafuta ulikopitia asubuhi ile kukuhifadhia video za kamera zao, na uombe leo, kwa kuwa kamera nyingi hufuta zilizopita baada ya muda mfupi. Waulize walimu wenzako walioliona uwanjani siku ile kama watakuwa tayari kusema hivyo. Hili la kuogopa kuwasumbua watu tuliache. Haki ya mtu haipatikani akiwa amejifungia nyumbani akilia.

Umesema pia kwamba bado hujalipa salio la padi, na kwamba anakataa kukupa funguo za akiba. Fundi ana haki ya kushikilia gari hadi alipwe kazi aliyoifanya, kwa hivyo usimpe kisingizio. Lipa salio hilo kwa nambari ya biashara, si kwa simu ya kijana wa gereji, kisha mtumie ujumbe wa maandishi kwamba umelipia padi peke yake na kwamba malipo hayo hayaondoi dai lako la mlango na taa. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanywa. Kuanzia hapo zungumza naye kwa maandishi tu, na akikupigia simu, mwandikie baadaye ukirudia mliyozungumza na umwombe asahihishe kama umekosea.

Ukipata makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili wa bati wasiofahamiana, mwandikie barua ya madai kwa kiasi hicho. Akijitolea tena kutengeneza mwenyewe, mjibu kwamba unataka fedha ili fundi unayemchagua aifanye kazi. Asipojibu, mahakama ya Kisumu nayo ina kitengo cha madai madogo, na kesi hufunguliwa kwa mtandao. Ambatisha picha, risiti, makadirio na barua yako, kwa mpangilio wa tarehe.