Sala ya taifa isiyo na toba isisomwe madhabahuni

Usikubali kuisoma sala hiyo. Umesema kamati ya ibada ya sikukuu ya taifa imekupa kazi ya kuandaa maombi, wamekuagiza ufute sehemu ya toba "tusiharibu furaha ya siku", nawe unauliza kama bendera, wimbo wa taifa na askari wenye sare vinafaa kuingia kanisani. Bendera iache kwanza. Kilichonishtua mimi ni hiyo toba, maana kwetu mambo yaliharibikia hapohapo.

Nilikuwa katibu wa kamati kama hiyo yako. Karatasi ilirudi aya ya toba ikiwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni imeandikwa "shukrani tu". Nikaichapa upya bila aya ile. Siku ya ibada, wakati wa maombi, akasimama mama mmoja mtu mzima, akaomba tuwakumbuke waliouawa na askari wetu wenyewe, mwanawe akiwa mmoja wao. Mwongoza ibada akamkatiza: mama, leo tunaliombea taifa. Kwani yule kijana alikuwa wa taifa gani? Mama akakaa, akafunga Biblia yake, na pambio lililofuata likaimbwa kwa nguvu kuliko yote. Hakurudi tena. Tulimfuata nyumbani pamoja na wazee wa kanisa. Akatukaribisha vizuri, akatusikiliza, akasema atafikiria. Watu wa nyumbani kwake nao wakaacha kuja. Vijana aliowalea kwenye kwaya wakaanza kutuuliza kanisa ni la nani, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuwajibu. Bendera unaikunja Jumatatu yakaisha. Mama yule hatukumpata tena.

Hasira zangu ziko kwa mwalimu wa semina aliyetuaminisha kwamba kuitaja dhambi ya nchi ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Alifungua 1 Samweli 24, akaishia pale Daudi anapojuta kwa kukata upindo wa vazi la Sauli. Angesoma mistari michache mbele angemkuta Daudi huyohuyo akimpigia Sauli kelele, akimwambia Bwana na aamue kati yao wawili. Warumi 13 nayo, ile ya kutii mamlaka, aliishia mstari wa saba, hakufika ule wa kumi, kwamba pendo halimfanyii jirani neno baya. (Na msinirushie Warumi 13 hapo chini, naijua mpaka nukta zake.)

Msimamo wangu ni huo wa kwenye kichwa cha habari, na siusogezi. Soma Danieli 9. Yule alikuwa uhamishoni, analilia Yerusalemu kwa kufunga na majivu, na bado sala yake inasema "tumefanya dhambi", akijihesabu humo yeye, wafalme na wakuu. Kisha soma Yohana 11. Wakuu wa makuhani wanaogopa Warumi watawaondolea mahali pao na taifa lao. Kayafa, kuhani mkuu, anasema yafaa mtu mmoja, yaani Yesu, afe, taifa lote lisiangamie. Wote wawili wanalitaja taifa. Tofauti yao ni hiyo aya uliyoambiwa uifute.

Ujerumani mwaka 1933, chini ya Hitler, waliojiita Deutsche Christen (Wakristo wa Kijerumani) walishinda uchaguzi wa makanisa ya Kiprotestanti, wakataka taifa na damu vipewe kiti pamoja na Injili. Waliokataa walikutana mjini Barmen Mei 1934, wakatamka kwamba hakuna sehemu ya maisha yetu iliyo ya bwana mwingine badala ya Kristo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji mmoja wa hao waliokataa, alikuwa salama Marekani mwaka 1939, akarudi kwao, kwa kuwa aliona hana haki ya kushiriki kuyajenga upya maisha ya Kikristo ya nchi yake baada ya vita kama hakuonja taabu ya watu wake. Watu wa Hitler wakamnyonga Aprili 1945. Hebu niambie, huyo hakuipenda Ujerumani? Oktoba 1945 viongozi wa kanisa walikiri hatia hadharani kule Stuttgart, na Wajerumani wengi wakawakasirikia. Kwa hiyo usitegemee makofi.

Irudishe aya hiyo, na usiandike "makosa yetu" juujuu. Andika mambo yenyewe: damu iliyomwagika, rushwa, watu walioondolewa kwenye ardhi yao, yale ambayo kila aliye kwenye benchi anayajua. Ipeleke ikiwa imeshachapwa. Wakiikata tena, waambie watafute msomaji mwingine, nawe nenda kaketi na wale ambao aya ile ilikuwa inawataja.