Kufilisika Texas: hesabu siku zako kwanza (na kile kiwanja cha Kibaha)

Mkuu, umesema una miezi kumi Houston tangu utoke Atlanta, madeni ya kadi na hospitali yamekukaba, na washkaji wanakwambia Texas hawagusi nyumba wala gari, kwa hiyo fungua faili fasta. Tulia kwanza. Na mimi nilitoka Georgia hiyohiyo, nikaingia kwa wakili na mfuko wa bili, maneno yangu yakiwa hayohayo.

Madeni hata hakuyauliza. "Umeingia Texas tarehe ngapi?" Nilikuwa na miezi ishirini. Akasema bado. Sheria ya kufilisika ni ya shirikisho, ila mali gani ubaki nayo inategemea jimbo, na hilo ni jimbo ulilokaa siku 730 kabla ya kufungua. Kama hujazifikisha, wanaangalia ulikuwa wapi miezi sita kabla ya hizo siku. Kwangu ni Georgia: kinga ya gari (thamani ambayo wadai hawaigusi) ni dola 5,000, na mkazi wake hana ruhusa ya kuchagua orodha ya kinga ya shirikisho badala ya ya jimbo. Texas inakuachia uchague.

Nikangoja miezi minne na ushee. Simu za wadai zilinifuata mpaka kazini, ila Texas mshahara haukatwi kwa deni la kadi wala hospitali. (Akaunti ya benki ni habari nyingine, hukumu ikitoka wanaifikia.)

Habari ya nyumba ni kweli kwa mwenye nyumba: mjini hadi ekari 10, thamani yoyote, ingawa ukiwa umeinunua karibuni, ndani ya siku 1,215, kuna kikomo. Mimi ni mpangaji. Nilikuwa na Camry niliyomaliza kuilipia na kiwanja Kibaha, Tanzania, na kiwanja nilitaka kukinyamazia. Nani Texas anaijua Kibaha? Wakili akanikazia macho: mali popote ilipo duniani inaandikwa, tena kwa kiapo, na ukificha unaweza kunyimwa msamaha wote wa madeni. Tukakiandika, tukachagua orodha ya shirikisho. Humo asiyetumia kinga ya nyumba anapata kinga ya jumla, dola 17,475 kwa viwango vya Aprili 2025, anaielekeza kwenye mali anayotaka. Kiwanja kikaingia, na thamani ya gari iliyozidi kinga ya gari ikaingia.

Kikao na mfilisi (msimamizi wa mali kwenye kesi ya kufilisika) kilikuwa Zoom, dakika saba hivi. Alinitaka nitaje Kibaha herufi kwa herufi, akauliza nilinunua kwa ngapi, akaitazama hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Basi, akaita mwingine.

Halafu usije ukamlipa ndugu kwanza. Jamaa yangu alimrudishia kaka yake dola 4,000, ndio akafungua faili. Malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua mfilisi anaweza kuyadai yarudi, na barua ilienda kwa kaka, si kwake. Mpaka leo salamu zao ni za kulazimisha.

Wewe tafuta mkataba wako wa kwanza wa kupanga hapo Houston, uanze kuhesabu kutoka tarehe ile.