Mafuta ya gari la polisi: nani alipe?

SWALI: Mama, salamu kutoka komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Tangu wezi wenye silaha waanze kuingia kwenye avenyi (barabara) yetu usiku, sefu wa avenyi anapita kila mwezi kukusanya franka 5,000 kwa kila nyumba, ati mafuta ya gari la polisi. Kitansi (risiti) hakuna. Mpwa wangu anaishi Luton, Uingereza; anasema huko wenyeji wanachangia polisi wao na kila mtu anajua kiasi gani. Sisi tutoe ngapi ili iwe haki? Na nikikataa je?
Baba wa familia, Katuba

JIBU: Poleni sana, Baba, wewe na majirani. Kwa mshahara wa polisi na mafuta ya gari lake, raia hapaswi kudaiwa hata franka moja mlangoni kwake. Nimekusanya kodi za komini miaka mingi, na naamini kabisa kwamba raia lazima alipe kodi. Ndiyo maana nasema hivi.

Mpwa wako amesema kweli. Uingereza, fungu la polisi huandikwa peke yake kwenye bili ya kodi ya halmashauri, na anayelipanga ni kiongozi aliyepigiwa kura. Akitaka kuongeza fungu hilo kuvuka kiwango cha serikali, lazima awaulize wenyeji kwa kura. Mwaka 2015, huko huko Bedfordshire iliko Luton, kamishna wa polisi, yaani kiongozi huyo wa kuchaguliwa, aliomba nyongeza ya asilimia 15.8 kwenye fungu hilo, karibu watu 7 kati ya 10 wakakataa, na nyongeza ikafutwa.

Hata hivyo utaratibu huo una kasoro. Surrey, huko huko Uingereza kwenye watu wenye uwezo, zaidi ya nusu ya pesa za polisi hutoka kwa wenyeji. Northumbria haifiki hata robo, maana nyumba nyingi huko ni za thamani ndogo na kodi hufuata thamani ya nyumba. Serikali kuu ikipunguza mkono wake, wanaoumia kwanza ni wa Northumbria. Sasa fikiria Golf ya matajiri na Katuba yetu, kila karti (mtaa) ijilipie polisi wake!

Kwetu komini ya Kamalondo niliyaona. Mchango ulianza vizuri, kisha gari likawa linasimama mbele ya mageti ya waliolipa tu. Jirani yangu mjane alivunjiwa mlango usiku, na asubuhi akaambiwa jina lake haliko kwenye daftari. Mpaka leo nikimwona nakasirika.

Katiba yetu ya 2006 inaweka polisi ya taifa mikononi mwa Leta (serikali kuu) ya Kinshasa, na kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Basi hizo 5,000 ni mchango, na mchango haulazimishwi. Tena tumekwisha kulipa. Mama anayeuza mikate anatoa kodi ya soko. Kifungu cha 175 kinaachia mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa. Kwa sheria ya madini ya 2018, asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni za madini kwa Leta, huenda kwa mkoa na 15 kwa komini au sekta panapochimbwa. Mkoa wetu wa Haut-Katanga wenye shaba na kobalti itakosaje mafuta ya gari moja la Katuba?

Najua polisi mwenyewe analipwa kidogo na ana watoto. Simchukii. Lakini njaa yake ijibiwe na Leta, maana akilishwa na avenyi atamlinda anayemlisha.

Mkitaka kusaidia kwa hiari, changieni kitu kinachoangazia nyumba zote, aliyelipa na asiyelipa: taa za barabarani, hesabu zibandikwe ukutani. Hapo hata mimi ningetoa.

Kuhusu kukataa, usikatae peke yako. Wataanza kukutazama vibaya. Andikeni barua moja, majirani wote watie sahihi, kwa burugumesta (mkuu wa komini), na nakala kwa mkuu wa polisi wa komini. Ulizeni nani ameagiza mchango huu, pesa inaandikwa wapi, na nyumba isiyolipa inalindwa vipi. Ulizeni pia kama kamati ya usalama wa karibu, ile burugumesta anapokaa pamoja na polisi na wajumbe wa raia, inakutana, na lini. Barua ipelekwe mchana na watu watatu au wanne, wakiwemo akina mama, na wasiondoke bila nakala yenye muhuri wa mapokezi.