Maswali ya Wasomaji: Je, Redio ya Uokoaji Inatosha Bila Mafunzo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wenzangu wawili wamenialika tuteleze kwa skii milimani, nje kabisa ya njia zinazokaguliwa. Wao wamekwisha kupata mafunzo ya kujikinga na maporomoko ya theluji. Mimi nimenunua redio ya kutafutia waliofukiwa na najua kuiwasha. Je, ni lazima nami nihudhurie mafunzo, au inatosha kufuatana na wanaojua?

JIBU: Haitoshi, kwa sababu redio uliyoivaa haitakufukua, kazi yake ni kumwezesha mwenzako akupate. Ukifukiwa wewe, wenzako wanajua la kufanya, lakini wakifukiwa wao, anayebaki juu ya theluji ni wewe uliyejifunza kuwasha tu. Nashangaa kidogo kwamba wenzako hawakuliona hilo kabla ya kukualika.

Aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo. Ikipita nusu saa, nafasi hiyo huwa imeshuka mno, kwa kuwa hewa anayoitoa humrudia mwenyewe puani, na waokoaji wa helikopta ni nadra kufika mapema kiasi hicho. Ndiyo maana mafunzo hurudia zoezi lile lile hadi mikono ilizoee. Redio zote hutumia masafa ya kilohezi 457, na wote waliosalimika hugeuza zao kutoka kutuma ishara hadi kupokea. Asiyegeuza huwafanya wenzake wamtafute yeye aliyesimama mbele yao. Mtafutaji hufuata mshale na namba za umbali zinazopungua, na akikaribia huinama, akaisogeza redio polepole juu kidogo tu ya theluji, mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Namba inapokuwa ndogo kuliko zote, ndipo fimbo ndefu ya kuchomea huingia kazini: matundu hupigwa kwa kuzunguka kuelekea nje, yakiachana kwa sentimita 25 hivi, na fimbo ikimgota mtu huachwa papo hapo. Uchimbaji hauanzii juu yake, bali upande wa chini wa mteremko, ili theluji isukumwe nje badala ya kuinuliwa. Theluji iliyoporomoka hushikamana ikawa ngumu sana, na koleo la plastiki laweza kuvunjika. Nunua la chuma.

Hata hivyo, mafunzo yanayoishia hapo ni nusu ya mafunzo, kwani baadhi ya wanaokufa huuawa na miamba na miti wanayogongeshwa, na kwao redio haina msaada wowote. Kazi kubwa ni kutofukiwa. Maporomoko yanayowaua watelezaji kwa kawaida huwa ya bamba, yaani tabaka lililoshikamana ambalo limekaa juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko wenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45, na katika ajali nyingi za vifo bamba hilo huachiliwa na uzito wa marehemu mwenyewe au wa mwenzake. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kusoma taarifa ya hatari kabla ya kutoka, kupima mwinuko kwa inklinometa, na kutambua dalili: maporomoko mapya jirani, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye skii, mshindo mzito wa theluji inayodidimia chini ya miguu, theluji iliyorundikwa na upepo, na joto linalopanda ghafla.

Wanafunzi wengi hulipuuza somo la kusema hapana, nami naliona ndilo gumu kuliko yote. Makundi makini hukubaliana kabla ya safari kwamba mmoja akiukataa mteremko, wote wauache, wala asidaiwe maelezo. Mtu anayefuatana tu na wanaojua hatathubutu kusema hapana.

SWALI: Taarifa ikitaja ngazi ya 3 kati ya 5, wenzangu husema hiyo ni hatari ya katikati, hivyo twende. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa. Kila ngazi huiongeza maradufu na zaidi, na katika ngazi ya 3 uzito wa mtu mmoja waweza kuliachilia bamba kwenye miteremko mikali. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, Uswisi, hueleza kwamba takriban nusu ya vifo hutokea katika ngazi hiyo, na sababu mojawapo ni kwamba katika ngazi ya 4 na ya 5 watu hubaki nyumbani. Ngazi ya 3 haikatazi safari yote, bali inawataka mchague miteremko iliyo chini ya nyuzi 30, na msipite wala kupumzika chini ya mikali zaidi, kwa sababu bamba laweza kuachiliwa na mtu aliyesimama bondeni.