Rangi Isimeze Nyuzi za Mti

Kila nikipaka sanamu rangi, nyuzi za mti zinapotea. Nakosea wapi?

Unapaka rangi ya mlango, tena nzito kama ilivyotoka koponi. Hiyo kazi yake ni kufunika. Chukua akriliki, rangi inayochanganywa na maji, izimue mpaka iwe nyepesi kama maji yaliyooshewa brashi, ujaribu kwanza kwenye kipande cha mti uleule. Paka, futa na tambara kabla haijakauka, subiri, rudia ukitaka. Mikono mitatu miepesi inashinda mmoja mzito.

Kinyago changu kimetoka mabaka: pua nyeusi, mashavu yamepauka.

Afadhali swali la mtu aliyetazama kazi yake. Pale puani patasi imekata nyuzi kwa kuzivuka, vinyweleo vya mti vimebaki wazi, vinafyonza rangi kwa pupa. Mashavuni nyuzi zimelala. Meza ina tatizo hilo kwenye ncha tu. Kinyago kinalo kila kona. Kabla ya rangi, pitisha mkono mmoja wa vanishi ya maji uliyoizimua sana, ikauke, kisha gusa kidogo na msasa namba 220. Pua ipeleke hadi 320, kwa maana ikilainika zaidi inakunywa kidogo. Na ukiona baka jeupe lisiloshika rangi kabisa, hiyo ni gundi uliyoisahau. Ikwangue.

Nikipaka rangi ya maji mti unaota manyoya.

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Lowesha mti *kabla* ya rangi, ukauke, manyoya yasimame, yakate kwa msasa. Ndipo upake.

Dawa nyeusi ya viatu inafaa ili mti mweupe ufanane na mpingo?

Ukimuuzia mtu kwa jina la mpingo, huo ni wizi, na mpingo halisi ukitiwa majini unazama. Tena dawa ile ina nta, vanishi haishiki juu yake. Kama unataka weusi unaoonyesha nyuzi, loweka sufi ya chuma ya kusugulia sufuria ndani ya siki siku chache, uchuje. Paka mti maji ya chai yaliyokolezwa, ukauke, halafu hiyo siki. Chuma na tanini, ule ukakasi wa chai, vikikutana, mti unageuka mweusi mbele ya macho yako. Chupa usiikaze kifuniko, inatoa gesi.

Vanishi gani haitabadilisha rangi yangu?

Ya maji. Ya mafuta huleta unjano.

Na mafuta ya kitani?

Mazuri mno, ila tambara lake usilikunje ukalitupa. Linapokauka linapata joto na linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Langu niliwahi kulikuta linafuka moshi ndani ya ndoo. Litandaze nje, au lizamishe majini.

Nikitumia rangi nyeusi naweza kuruka msasa?

Hapana. Rangi nyepesi huingia kwenye kila mkwaruzo na kuuchora upya, na nyeusi ndiyo mbea kuliko zote.