Friji nyuma ya gari: kabla ya betri kubwa, nunua waya

Wenzangu mnaopeleka chanjo za mifugo vijijini Makete na Rungwe, na ninyi mnaobeba mtindi kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini, swali mnaloniuliza kila mara ni hili: nyuma nifunge betri ya ukubwa gani ya kuendesha friji? Mimi nawarudisha kwenye waya, kwa sababu betri ikubwa vipi, isipojazwa vizuri ni mzigo tu.

Alteneta nzima, yaani ile mashine ya injini inayojaza betri, hutoa volti 13.8 hadi 14.4. Kutoka kwenye boneti hadi bodi ya nyuma ya pikapu, waya ukipitishwa chini kwa uangalifu, mita 6 zinafika. Umeme nao lazima urudi, kwa hiyo piga hesabu ya mita 12. Ukifungiwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa nyumbani, ampea 30 zingepoteza volti 2.5 hivi njiani. Maana yake ampea hizo hazifiki: betri inapokea kidogo kidogo, na unaingia kijijini haijajaa. Waya wa milimita za mraba 16 kwa umbali uleule unapoteza volti 0.4 tu. Wa mashine ya kuchomelea unafaa sana, maana ni laini na unapinda. Ila kwaruza nyuzi zake kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache dukani. Waya wa hasi nao uwe mnene vilevile. Kutegemea bodi yenye kutu kurudisha umeme mimi sikubali.

Fyuzi ni mbili. Hapa nawaomba msinielewe nusu: moja karibu na betri ya mbele, nyingine karibu na betri ya nyuma, kila moja ndani ya shubiri moja. Waya huu una betri pande zote mbili. Gari la mwenzangu, kati ya Makambako na Njombe, lilikuwa na fyuzi ya mbele peke yake. Waya ulipitishwa kwenye tundu la bati bila mpira, ukasuguka hadi ukagusa chuma. Fyuzi ya mbele ilikata kama inavyotakiwa, lakini betri ya nyuma iliendelea kuuchoma waya hadi tulipong'oa kichwa chake. Kwa waya wa 16, fyuzi ya ampea 60 inatosha, na rilei ihimili kiasi hichohicho.

Rilei ndiyo inayotenganisha betri injini ikizimwa, friji isije ikainyonya ya mbele. Asubuhi ya Njombe, kwa baridi ile, betri ya kuwashia haina nguvu ya ziada ya kugawa. Magari mapya ambayo kompyuta hushusha volti za alteneta hayatoshelezwi na rilei. Yanahitaji chaja inayopandisha volti.

Betri ya maji hutoa gesi inayowaka wakati wa kujaa. Kwenye pikapu si tabu, ila ndani ya Noah yenye abiria usiiweke. Popote ilipo, ifungwe isisogee.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi kabla ya kupima. Washa injini, washa friji, pima betri ya mbele kisha ya nyuma. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kimelegea au waya ni mwembamba. Siku nyingine, betri ikiwa imepumzika, 12.6 ni imejaa na 12.2 ni nusu. Nasisitiza kupima kwa sababu nyingi ya chanjo tunazobeba zinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na iliyoharibika kwa joto mara nyingi huwezi kuijua kwa macho. Mfugaji atalipa, atachanja, na ng'ombe wake watakufa.

Wenye Canter za volti 24: msichukue 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Moja itakuwa inaisha na nyingine inajazwa kupita kiasi, zote zife mapema. Tafuteni kifaa cha kushusha 24 hadi 12, kiunganishwe kwenye betri zote mbili kwa pamoja.