Kujitolea kuwa mwenyeji wa kambi Big Bend, soma hii kabla hujajaza fomu

Watu wakisikia unakaa ndani ya hifadhi ya taifa miezi mitatu bila kulipa wanajua uko likizo. Hapana jamani. Mimi na mume wangu tumejitolea Big Bend kama wenyeji wa kambi, yaani unakaa kambini unapokea wageni na kuwaelekeza, ni ile hifadhi ya Texas inayopakana na mto Rio Grande, ukivuka tu uko Mexico, na ukweli ni kwamba muda mwingi hauangalii milima wala nyota, unaongea na watu. Yaani kuongea ndo kazi yenyewe. Kama watu wanakuchosha haraka usiombe hii nafasi hata kama unalipenda jangwa namna gani, zipo nyingine za kutengeneza njia za miguu au kukaa ofisini na makaratasi, utakuwa na amani zaidi.

Mpango wenyewe uko hivi, we unakuja na karavani yako, ile nyumba ya magurudumu, wao wanakupa pa kuegesha pamoja na maji, umeme na pa kumwaga maji machafu, halafu unafanya masaa kadhaa kwa wiki, mara nyingi 24 mpaka 32. Mshahara hakuna. Unapewa kofia na shati la kujitolea, na ukiumia ukiwa kazini unahesabika kama mfanyakazi wa serikali kwenye mambo ya fidia, hili wengi hawalijui na ni la maana sana. Ukifikisha masaa 250 unapata kadi ya kuingia hifadhi za taifa bure mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye watu. Asilimia kubwa ya wageni ni wazuri tu, ila kuna vitu vitatu vinne utavisema kila siku mpaka uviote usingizini, na cha kwanza ni kuni. Big Bend huruhusiwi kuwasha moto wa kuni, kipindi chochote cha mwaka, labda mkaa kwenye jiko la chuma na hapo napo mpaka kusiwe na katazo. Mtu kaendesha gari siku nzima, kabeba kuni zake, watoto wanausubiri moto kwa hamu, afu we unatokea na kofia yako unamwambia haiwezekani. Hapo ukianza na "sheria inasema" umeshampoteza. Mimi nilikuwa naanza na habari ya Castolon, sehemu moja humu humu hifadhini karibu na mto. Mei 2019 moto ulianzia upande wa Mexico, cheche zikaruka mto mzima, na jengo la kihistoria lililokuwa na duka na ofisi ya wageni likaungua. Kama cheche imevuka mto, hiyo ya kwako hapa chini ya mti itashindwa nini? Wengi wakisikia hivyo wanarudisha kuni kwenye gari wenyewe, na wengine wanakuuliza maswali mpaka unasahau ulikuja kufanya nini.

Halafu jua muda wa kwenda. Usisubiri mtu akae akifungua kinywaji cha pili ndo umfuate, pita wakati bado anahangaika na hema, simama pembeni ya eneo lake usiingie ndani, msalimie, muulize katokea wapi, ndo uingize habari za jenereta. Kambi ya Cottonwood jenereta ni marufuku kabisa, kambi nyingine ya Rio Grande Village kuna masaa yake na kuna sehemu haziruhusiwi. Kuanzia saa nne usiku ni kimya. Na akianza kukufokea usijibizane naye, we siyo polisi, huna mamlaka ya kumpiga faini wala kumfukuza mtu, ondoka taratibu ukamuite renja, yaani askari wa hifadhi, kwa redio. Nimeona wenyeji wenzangu wanajifanya maaskari, hawafiki mbali, na mbaya zaidi wanaharibia wanaokuja baada yao.

Kingine ni zile shanga na vifimbo vilivyopangwa juu ya mawe karibu na mto, pembeni kuna kikopo cha hela. Vinaletwa na watu wa ng'ambo ya mto, upande wa Mexico, na kuvinunua ndani ya hifadhi ni kosa. Utaulizwa kwa nini, wengine watakasirika kabisa maana wanaona wanawasaidia watu maskini, na mi nawaelewa. Waambie kijiji cha Boquillas huko Mexico kina kivuko halali, siku kikiwa wazi na pasipoti wanayo, wavuke wakanunue huko huko, wale na chakula.

Wanyama hawasumbui sana kama chakula kimefungiwa. Mwenye fujo ni javelina, anafanana na nguruwe ila siyo nguruwe, akinusa chakula kwenye hema atalichana. Kuna na panya wa jangwani wanaotafuna waya za magari, kwahiyo gari likikaa siku nyingi fungua boneti usiku, panya hapendi pakiwa wazi. Nunua pia tochi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau, ng'e wanang'aa ukiwamulika nayo, utajua pa kukanyaga ukienda chooni.

Joto usilichukulie poa. Msimu wenye watu ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, na Machi shule zikifungwa ndo vurugu, lakini hata Aprili kule chini mtoni inaweza kupita nyuzi 38 mchana. Kila mtu anahitaji kama lita 4 za maji kwa siku na utakutana na familia imeshika chupa moja ndogo inaelekea kwenye njia ya masaa matatu saa saba mchana. Hao ndo wa kuwasimamisha hata kama uko mapumziko.

Usafi sitausema sana, ni kuchota majivu, kuokota vizibo, na kuhakikisha choo kina karatasi. Ila manunuzi jipange. Kutoka katikati ya hifadhi mpaka mji wa Alpine ni zaidi ya kilomita 150, vijiduka vya karibu vipo ila vina vitu vichache na bei yake utashtuka, kwahiyo dawa zako beba za kipindi chote. Mtandao wa simu sehemu kubwa haupo. Na kama unaenda na mwenza wako mkubaliane mapema nani anatoka na nani anabaki, maana upepo ukianza kupeperusha vumbi mtafungiwa wote ndani ya karavani, na ndoa nyingi hazijawahi kupimwa hivyo.

Maombi yanapitia tovuti ya Volunteer.gov, omba miezi mingi kabla kwasababu nafasi za majira ya baridi zinawahi sana kujaa. Wanakuchunguza historia yako kidogo. Kama we siyo raia wa Marekani wala huna kadi ya ukaazi, kuna programu yao nyingine ya wageni kutoka nje yenye viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, anzia huko. Kwenye simu ya usaili waulize umepangiwa kambi gani, siku za mapumziko zinafuatana au zimeachana, na nani anakushikia zamu ukiumwa. Wakijibu kwa kuzungukazunguka hilo la mwisho, omba hifadhi nyingine.